Sifa za Tiketi Isiyotambua Ndoa

Siku ya harusi dunia nzima humkubalia bi harusi. Kamati humkubalia ukumbi uliozidi michango, MC humkubalia wimbo wa kuingilia, wakwe humeza mate na kukubali sare ya rangi ambayo haijawahi kumpendeza mtu mzima. Padri au shehe akimaliza kazi yake, serikali nayo inakubali na cheti kinatolewa. Anabaki mmoja tu asiyetikiswa na vigelegele wala tarumbeta, naye ni tiketi ya ndege. Tiketi ilimfahamu Neema Mushi. Ukiipelekea Neema Massawe itakuuliza, kwa adabu zote, huyu ndiye nani.

(Majina hayo nimeyaazima kwa mfano tu. Wenyewe mnajijua.)

Nataka kuisifu tiketi hiyo, maana kila nikipita kwenye ofisi za mawakala nasikia inatukanwa, tena na watu waliotoka kuapa mbele ya Mungu juzi tu.

Nianze na uaminifu wake. Tarehe ya safari inabadilika ukilipa. Kiti kinabadilika, chakula kinabadilika, hata mji wa kuteremkia unaweza kubadilika ukikubali tofauti ya nauli. Jina ndilo linalogoma. Liliingizwa kwenye mfumo kwa herufi kubwa, ubini mbele, mkwaju katikati, na cheo kikabandikwa mkiani bila nafasi: MUSHI/NEEMAMISS. Kanisani wawili wameahidiana hadi kifo kiwatenganishe, lakini kati ya ahadi zote zilizotolewa mwezi huo, ile aliyopewa huyo NEEMAMISS ndiyo iliyoandikwa kwa wino usiofutika.

Uaminifu huu umezaliwa na woga wa walanguzi. Nauli ya ndege kwa kawaida hupanda kadiri siku inavyokaribia. Kama jina lingekuwa linafutika, wajanja wangenunua viti vya Desemba mwezi Machi, kisha wakaviuza kwa bei ya kuruka kama wanavyofanya na tiketi za mechi ya Simba na Yanga. Marekani walishaionja hali hiyo. Kabla ya 1996 abiria wa safari za ndani mara nyingi alipanda bila kuulizwa kitambulisho, na watu walitangaza magazetini vipande vya kurudia ambavyo hawakuvihitaji tena. Julai mwaka huo ndege ya TWA 800 ililipuka angani karibu na New York, na mashirika yakatakiwa kukagua vitambulisho, ingawa baadaye wachunguzi walihitimisha kwamba yaelekea kilicholipuka ni mvuke wa mafuta ndani ya tangi. Usalama ukapata ulichokuwa unakitafuta, biashara ikapata zaidi. Mlanguzi alifukuzwa, na kazi ya kutupandishia bei wakaachiwa wenye ndege wenyewe.

Lakini sifa yake kubwa ni ualimu. Kungwi humfunda mwali chumbani, kwa nyimbo na mafumbo, kuhusu mambo ambayo mwali anajifanya hayajui. Kisha anakuja kungwi wa pili, yule wa kaunta mwenye kompyuta, na somo lake ni moja: tiketi hufuata pasipoti, haifuati mume. Kama pasipoti bado ni ya Mushi, kata tiketi ya Mushi, cheti kikae kabatini, mkasafiri kwa amani. Anayeungua ni mwenye haraka. Yupo bwana harusi anayemkatia mkewe tiketi ya Bibi Massawe, iwe zawadi ya kushtukiza. Yupo pia bibi aliyekata tiketi akiwa mwali, akaolewa, akakimbilia kubadili pasipoti kabla keki haijaisha kwenye friji.

Watazame wawili hawa kwa wakala, ghorofa ya pili, feni inazunguka kwa kusitasita. Bwana ni yule mwenye zawadi. Kucha za bandia za bibi bado zinang'aa. Bwana amefungua simu anamwonyesha dada wa kaunta picha: keki, pete, mama mkwe akilia. Dada anazitazama zote mpaka mwisho. "Hongereni jamani," anasema, kisha anarudi kwenye kompyuta, maana hongera haina mahali pa kuandikwa kwenye mfumo. "Kaka, nipe pasipoti ya wifi." Anaisoma kwa sauti. Na bwana huyu, aliyempenda Neema miaka minne na kumtolea mahari bila kuomba punguzo, anasikia kwa mara ya kwanza kwamba mkewe anaitwa Neemaeli Aikaeli Mushi.

"Neemaeli?"

"Ni jina la bibi, mama yake baba," anajibu mke bila kumtazama.

"Hiyo 'eli' nitairekebisha sasa hivi," anasema dada. "Ya Massawe ndiyo kazi."

Maana baadhi ya mashirika huruhusu kusahihisha herufi chache zilizokosewa, mara nyingi tatu. Zikizidi hapo, mbele ya kompyuta hujakosea tahajia, umemleta mtu mwingine. Hapa napendekeza mabadiliko kidogo katika mila zetu: binti atafutiwe mchumba ambaye ubini wake hauachani na wake kwa zaidi ya herufi tatu. Mshenga akienda kuposa abebe barua, kitita cha fedha, na rula.

Aliyevuka herufi tatu hufunguliwa mlango wa elimu ya juu. Tiketi ina tarakimu 13, na tatu za mwanzo zinalitaja shirika lililoitoa, ambalo si lazima liwe lenye ndege utakayopanda. Mwenye ndege atakurudisha kwa aliyetoa tiketi, naye atakurudisha kwa wakala, na wakala atakwambia mfumo umefungwa hadi shirika liufungue. Kwa mzunguko huo maharusi wanatembea pamoja kuliko watakavyotembea tena maishani. Mkiambiwa mtajibiwa ndani ya siku saba za kazi, hiyo ni fungate nzima, na Jumamosi na Jumapili juu.

Na watu wanakula. Mwenye mashine ya fotokopi anakula, wakili wa kugonga muhuri anakula, mtafsiri wa cheti anakula. Anayeamua kugeuza jina kila mahali ataanzia NIDA, kwa sababu pasipoti huombwa kwa Kitambulisho cha Taifa, kisha aende Uhamiaji, ambako pasipoti ya kielektroniki ilipozinduliwa mwaka 2018 ilipangiwa shilingi 150,000. Mwisho wa yote ni mistari miwili chini ya ukurasa wa picha, kila mmoja una nafasi 44 za herufi, tarakimu na vimshale, na mashine ya mpakani haisomi kitu kingine chochote kuhusu mapenzi yenu.

Nawahurumia walionyimwa mafunzo haya. Asha binti Salum wa pwani anaolewa, anaachika, anaolewa tena, na muda wote huo ni Asha Salum. Hata muhuri wa wakili haujui unafananaje. Oman ni hivyo hivyo. Ethiopia mke hubaki na jina la baba yake. Rwanda hata ndugu wa tumbo moja huwa hawashiriki jina, sasa mume utamwazimaje? Québec wamekwenda mbali zaidi, tangu 1981 sheria inamtaka mke aendelee na jina lake la kuzaliwa katika mambo ya kiserikali. Dada zangu hawa wanafika uwanjani na kupanda ndege tu, kama mabegi.

Waingereza wamejaribu kuizunguka tiketi kwa ujanja. Bibi anaweza kuomba pasipoti ya jina la mume hadi miezi mitatu kabla ya harusi, kwa fomu iliyosainiwa na atakayefungisha ndoa. Ile ya zamani inafutwa, na mpya haifai kitu mpaka siku yenyewe ifike. Kwa wiki kadhaa basi mwanamke huyo hana pasipoti inayomruhusu kwenda popote isipokuwa kanisani, na ziko nchi zisizokubali kubandika viza kwenye kitabu cha namna hiyo. Kama kuna bwana harusi mwenye wasiwasi wa kukimbiwa, huo ni ulinzi ambao hata mahari haijawahi kuutoa.

Walioachana nao hawakusahauliwa. Kaunta ni ileile na tozo ni ileile. Wanaleta hati ya talaka badala ya cheti cha ndoa, dada anaichukua, anaisoma, hasemi hongera wala pole. Anauliza tu kama kuna mzigo wa ziada.