Ila za Sarafu, na Mimi Mjuzi Wake

Waheshimiwa viongozi, wazee wangu wa Tabora, akina mama, na wewe kijana uliyekaa jirani mno na sahani ya sambusa: tulieni. Mbele yenu amesimama mtu asiye na mpinzani hapa mjini katika elimu ya ila za sarafu. Mpinzani aliyekuwepo alihamia Nzega akafungua duka la mbolea. Cheo cha uprofesa nimejipa mwenyewe, maana jopo la kunihoji halijazaliwa.

Kwanza bakuli lipite. Kila mmoja atie sarafu aliyonayo, kwa uchunguzi wa kitaalamu.

Sarafu huzaliwa hivi. Kipande kitupu cha madini hukaa kati ya chapa mbili, ya chini na ya juu, na pete ya chuma hukizunguka kisitanuke ovyo. Mashine ikishuka, pande zote mbili hupata sura kwa kishindo kimoja. Kipande kikikaa upogo, picha huangukia pembeni na sehemu nyingine hubaki kipara. Chapa ikipata ufa, madini huingia kwenye ule ufa, ndiyo maana sarafu hutoka na mstari ulioinuka. Shikeni hapo! Mstari ulioinuka ni kosa la kiwanda. Uliochimbika ni mwanao na msumari.

Sasa ya nyumbani. Wakati wa vita vile vya kwanza vya dunia, manowari za Waingereza ziliwazibia Wajerumani bahari, sarafu za Ulaya zikawa hazifiki. Mwaka 1916 wakageuza karakana ya reli, hapa hapa Tabora, kuwa kiwanda cha fedha. Maganda ya risasi na mabaki ya shaba yakawa heller 20 zenye herufi T ya mji wetu. Ubora wake? Ndugu zangu, mimi hulia kwa furaha. Chapa zilichongwa kwa mkono, zikachakaa, zikachongwa nyingine, na mchongaji hakujisumbua kuzifananisha. Baadhi zina taji kubwa, baadhi taji dogo. Tazameni neno HELLER: kuna sarafu ambazo L zote mbili zimejikunja ncha, kuna ambazo zote zimechongoka, na kuna ambazo L ya pili peke yake ndiyo imejikunja. Nimekosana na mashemeji kwa ajili ya L ya pili! Ile ya dhahabu, rupia 15 yenye tembo, siizungumzii. Dhahabu ni ya watu wasiojua kutazama. Septemba mwaka huo huo Wabelgiji wakauteka mji na shughuli ikaishia hapo. Sijawasamehe.

Waingereza wakaja na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, na senti zao za tundu katikati. Tundu moja. Kazi safi mno, inachosha. Lakini hao hao, mwaka 2008, kiwandani kwao Llantrisant, kule Wales, walikuwa wakibadili sura za sarafu na kuhamisha mwaka kutoka nyuma kwenda upande wa kichwa. Mtu akafunga chapa ya kichwa ya zamani pamoja na chapa mpya ya nyuma, peni 20 zikatoka hazina mwaka mbele wala nyuma. Watu wakazigombania. Kwetu sisi, ukimpa konda sarafu ya namna hiyo, atakwambia, "Mzee, hii haiendi."

Na hao Waingereza wana baraza la kupima sarafu tangu karne ya 13! Mwaka 1710 baraza hilo liliona dhahabu iliyosimamiwa na Isaac Newton imepungua kiwango. Newton akajibu kwamba kipimo ndicho kibovu. Huyo ni mwenzangu kabisa.

Naam, bakuli limerudi. Hii ya shilingi 500, nyati wake hana dosari hata moja: inatia shaka, nitaishikilia. Hii ya 200 imekwaruzika: nitaishikilia. Mama, unauliza zitarudi lini? Uchunguzi hauna saa.

Na hiki je? Duara, chepesi, sumaku haikigusi, matundu manne. Manne! Bodi ilitoboa moja tu. Mabibi na mabwana, kosa la namna hii halijaandikwa popote. Aliyekitia asisimame, na shati lake alifunge kwa pini.