Fakhari ya Bisibisi

Katika mambo ya kompyuta, walimwengu wa zama zetu wamegawanyika mafungu mawili: wako waingiao dukani, wakalipa, wakabebeshwa kasha lililokwisha fungwa, wakaenda zao, na wako wanunuao kiungo kimoja kimoja, ubao hapa na feni pale, kisha wakajifungia chumbani na bisibisi wakaunda wenyewe. Mimi, ambaye sijapata kutengeneza hata kiti kilichoteguka mguu bila ya kukiongezea ulemavu, nilijihesabu, kwa sababu ambazo hata leo sizifahamu barabara, kuwa mtu wa fungu la pili.

Riziki yangu ni kutafsiri na kupiga chapa hati za watu hapa Tanga. Kompyuta yangu kongwe ilipokata roho, nilisafiri hadi Dar es Salaam, nikateremka Kariakoo, mtaa uliorithi jina la kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika vita vya 1914, na ambao, kwa taadhima ya jina hilo, haujaacha kumbebesha mtu mzigo. Mwuzaji mmoja, kijana mwenye adabu, alinionyesha kompyuta kamili iliyotoka Dubai, ya mtumba lakini safi, kwa shilingi 450,000 na dhamana ya miezi mitatu. "Mzee wangu," akasema, "hii unachomeka tu."

Neno hilo "tu" ndilo lililoniudhi.

Sikukosa hoja, wala sitaki msomaji anidhanie kuwa mjinga mtupu. Kompyuta nyingi za makampuni makubwa huwa na kisanduku cha umeme chenye umbo lake peke yake, kikifa huwezi kukibadili kwa cha kampuni nyingine; ilhali aliyeunda mwenyewe hubadili kiungo kilichochoka akabakiza vilivyo vizima. Fauka ya hayo, kisanduku hicho, ambacho mafundi hukiita pawasaplai, nilikuwa nacho tayari, hiba ya shemeji yangu aliyeko Houston, alichokichomoa katika kompyuta yake ya zamani. Nilipiga hesabu nyuma ya bahasha: mazabodi, prosesa, ramu, diski na kasha, jumla 380,000. Nikarudi nyumbani na faida ya 70,000 kichwani na furushi mapajani.

Jumamosi baada ya alasiri nilitandika mkeka nikaanza kazi. Kile kibati cha nyuma kinachozunguka matundu ya waya kilinikata kidole gumba kabla sijafungua nati ya kwanza. Prosesa ilikaa vyema, kwa kuwa ina alama ya pembetatu ndogo ya dhahabu inayolingana na alama ya kitako chake. Na dawa ya joto, ambayo maelekezo yalitaka iwe kiasi cha punje ya choroko, mimi, kwa kuuchukia ubakhili, niliipaka kama samli juu ya chapati. Hatimaye nikachomeka plagi, nikasema bismillahi, nikabonyeza.

Ulitoka mshindo kama wa fataki za Idi, ukafuatwa na moshi mwembamba wenye harufu ya plastiki iliyoungua, na nyumba nzima ikaingia giza.

"Baba Rehema," sauti ikatoka jikoni, "luku imeisha?"

"Haijaisha."

"Basi ni nini?"

Nilijikohoza kama mtu anayetafuta lugha ya kutafsiria, nisiipate.

Aliletwa kijana wa barabara ya pili, ambaye kazi yake ni kufufua simu. Aliniamkia shikamoo, nikaitika kwa unyonge. Hakufungua kitu. Alilizungusha kasha, akainama, akaweka ukucha wake juu ya swichi nyekundu isiyozidi ukubwa wa jino la mtoto, iliyoandikwa 115. "Mzee, hiki kimetoka Marekani? Kule umeme wa nyumbani ni volti 120, huku kwetu 230. Hii ilitakiwa isukumwe upande wa pili." Rangi nyekundu nimefundishwa tangu utotoni kuwa ni ishara ya hatari, lakini swichi ile imewekwa nyuma, na mtu aliyejaa ghururi huwa ana shughuli nyingi mbele.

Kwa rehema ya Mwenyezi Mungu mazabodi ilinusurika. Pawasaplai mpya ilikuwa 60,000, na ujira wa kijana 20,000, pamoja na kuifuta ile samli. Mama Rehema aliichukua bahasha ileile, akajumlisha kwa utulivu, akaongeza nauli na plasta ya kidole, akaniwekea chini ya kikombe changu cha chai. Juu ya shemeji wa Houston, ambaye ni kaka yake, hakutamka neno.

Kompyuta inafanya kazi hadi leo, na mgeni akiisifu humjibu kuwa nimeiunda kwa mikono yangu. Wakati huo Mama Rehema huwa anakuja na sinia, akausukumiza kwa kisigino mlango wa jikoni, ambao hauupigi tena upepo wa kusi, kwa kuwa umeegemezwa kile kisanduku cha Houston.