Yah: Maombi ya Kuchangia Mafuta Angani

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA),
Dar es Salaam.

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Awali ya yote tunaishukuru Mamlaka kwa kutukinga sisi watu wa Karatu na hatari ambayo wengi wetu hatukuijua: abiria mwenye noti mkononi. Mkataba wa Chicago wa 1944, katika Kiambatisho chake cha 1, unamruhusu mwenye leseni ya urubani binafsi kurusha ndege ilimradi asilipwe ujira na safari yenyewe isiwe ya kuingiza mapato. Sharti hilo ni zuri. Taabu yake ni kwamba halisemi mchango wa mafuta uwekwe fungu gani, na ofisa mwangalifu akikosa maelezo hulisoma kwa namna isiyomletea matatizo yeye. Kwa usomaji huo, rubani anayetoka Arusha na Cessna ya viti vinne kuja uwanja wa Lake Manyara anaweza kumpakia shangazi, jirani na mwalimu wa mwanawe bure bilashi, na hakuna wa kumuuliza. Mwalimu akitoa elfu hamsini ya mafuta, injini ileile na rubani yuleyule wamegeuka tishio kwa taifa. Wataalamu wenu watusaidie: noti hizo zinaharibu sehemu gani ya injini?

Huku ardhini Serikali hiyohiyo imetufundisha hesabu nyingine. Ada ya huduma ya kreta ya Ngorongoro hutozwa kwa gari. Kwa gari la watalii wa kigeni imekuwa dola 250 kabla ya VAT, awemo mtalii mmoja au sita. Wageni wasiojuana hukutana Karatu jioni, wakaunganishwa gari moja, na asubuhi geti la Loduare huwapitisha bila kuuliza nani kamchangia nani. Najua gari hilo lina leseni ya biashara na dereva wake analipwa. Ninachoazima hapo ni hesabu tu: chombo chenye gharama ileile kikiwa kitupu au kimejaa huwashawishi watu wachangie, na Serikali inayotoza kwa chombo imekwisha kubariki ushawishi huo.

Wenzetu waliokutana na swali hili hawakulikimbia. Marekani, rubani binafsi anaruhusiwa kugawana na abiria wake mafuta, oili, ada za uwanja na gharama ya kukodi ndege, ila fungu lake lisipungue la mwenzake. Umoja wa Ulaya unaruhusu kugawana gharama za moja kwa moja za safari, mradi ndani wasizidi watu sita, rubani akiwemo na akilipa. Kampuni moja ya Marekani, Flytenow, ilipotaka marubani wa aina hiyo watangaze safari zao mtandaoni, mahakama ya rufani ya Washington iliamua Desemba 2015 kwamba anayejinadi kwa umma hivyo amekwisha kuwa mchukuzi. Mstari, basi, unaweza kuchorwa kwenye faida na kwenye kujinadi, na mwalimu wetu na elfu hamsini yake wakabaki upande wa wema.

Mtasema rubani binafsi anahitaji saa 40 tu za kuruka, wakati wa biashara anahitaji 200. Kweli, lakini saa hizo 40 ndizo mnazozikubali anapowabeba watoto wake watatu, au watoto ni bei rahisi? Mtasema pia kwamba Karatu nzima itakuwa marafiki wa rubani. Huenda, sisi ni watu wakarimu. Lakini marafiki watatu wanaolipa robo kila mmoja humwachia rubani robo nyingine, na hakuna aliyewahi kutajirika kwa hasara ya robo. Kampuni zenye vyeti, mafundi na bima zao zinastahili kulindwa, na katazo la kujinadi linazilinda vya kutosha. Mtanikumbusha mchezaji wa soka Emiliano Sala, aliyekufa Januari 2019 katika ndege iliyorushwa na mtu asiye na leseni ya biashara. Safari ile ilikuwa ya kulipiwa, nayo ilikuwa imekatazwa tayari.

Hoja moja tu inanipa shida, nayo hamjaitumia vya kutosha: pesa huleta haya. Rubani aliyekwisha kupokea michango huona vibaya kughairi safari ukungu unapofunika kingo za kreta, huko juu zaidi ya mita 2,200, ambako hewa nyepesi hupunguza nguvu ya injini na ubebaji wa mabawa. Hapo naacha mzaha. Novemba 15, 2017, ndege ya kampuni ilianguka karibu na kreta jirani ya Empakaai na watu 11 wakafa. Januari 1959 mtafiti wa wanyamapori Michael Grzimek alikufa ndege yake ilipogongana na tumbusi, akazikwa ukingoni mwa kreta. Si mlima wala tumbusi aliyeuliza nani kalipia mafuta. Kwa hiyo masharti yaandikwe kwa kuutazama mlima: kuruka mchana tu, nje ya mawingu, uzito upimwe kabla ya kupaa, na mchango ulipwe baada ya kutua ili kughairi kusimgharimu mtu aibu. Tena mchango wenyewe husaidia usalama: rubani anayegharimia kila kitu peke yake huruka mara chache, na mimi nisingependa kupandishwa Ngorongoro na mtu aliyeshika usukani mara ya mwisho Pasaka iliyopita, hata kama ananibeba bure kwa mujibu wa sheria.

Tunaomba waraka wa ukurasa mmoja. Tukikosa, tutaendelea kuwashauri abiria waziache pochi zao nyumbani, kwa usalama wa anga.

Wako mtiifu,
Mwananchi, Karatu.

Nakala: Mlinzi wa geti, uwanja wa Lake Manyara – asipekue pochi hadi atakapopata maelekezo mengine.