Wezi Wenye Njaa

Wezi wa filamu za siku hizi wananichosha. Wote wana misuli, wote mabingwa wa kompyuta, na mpango wao unakwenda sawia hadi sekunde ya mwisho. Hakuna anayekohoa. Hakuna aliyeachiwa mtoto. Na shemeji yangu, ambaye rimoti tu inamshinda, anawatazama kwa heshima kubwa!

Mimi nipeni I soliti ignoti ya Mario Monicelli, ya mwaka 1958. Roma ya baada ya vita, picha nyeusi na nyeupe, na kundi la wezi ambao ukiwatuma kuiba kuku watarudi wamenyonyoka wao. Tiberio, yaani Marcello Mastroianni, mkewe yuko jela kwa magendo ya sigara, kwa hiyo mlezi wa mtoto ni yeye. Mzee Capannelle kila umwonapo anatafuna. Peppe wa Vittorio Gassman ni bondia hohehahe mwenye kigugumizi, na eti ndiye kiongozi. Wanamwendea gwiji wa kufungua makasha ya chuma, anayeigizwa na Totò. Anawapa darsa juu ya paa, kwa madaha yote, lakini kazini yeye haendi. Mjanja.

Ila Cosimo, mwizi mwingine, ndiye kiboko. Kaingia duka la rehani, katoa bastola. Karani kaipokea, kaikagua, kamtajia bei! Nacheka, kisha nakasirika, maana nami nimewahi kupeleka shida yangu dirishani nikakabidhiwa fomu.

Usiku wa kazi wanajipenyeza katika nyumba inayopakana na duka la rehani, watoboe ukuta walifikie kasha la humo. Wanapasua bomba la maji. Wanatoboa tena, ukuta unabomoka, wanatokeza... jikoni. Jiko la nyumba ileile! Fundi wangu wa bomba aliwahi kunifanyia hivyohivyo, tena akadai nauli. Hawa angalau hawakumdai mtu: walikuta tambi na dengu, wakaketi wakala, mpaka jiko la gesi lilipolipuka wakatimka.

Alfajiri Peppe, akiwakwepa polisi, anajichomeka katikati ya vibarua wanaogombea kuingia kazini. Anasukumwa hadi ndani, geti linafungwa. Capannelle anabaki nje, kapigwa na butwaa: rafiki yake kapata ajira! Bila barua, bila mdhamini, bila uzoefu wa miaka mitano. Mpwa wangu mwenye shahada bado analitafuta geti hilo.