Sifa za Kubanana

Waswahili wa kale walikuwa na mkono mwepesi wa kusifu. Mnazi wameuimba, na uta wa Liyongo una sifa zake. Mbali huko, karne ya 2, Msiria mmoja aliyeandika kwa Kigiriki, Lucian, alikaa kitako akamsifu nzi kana kwamba anamsifu jemadari. Basi siku ile saa kumi na nusu alfajiri, nimesimama uani kwetu Gudele, Juba, goti nimelikaza kwenye mlango wa nyuma wa gari uliogoma kufunga, niliona wazi kuna mtenda wema aliyesahauliwa. Nzi kapata wa kumsifu. Kubanana hakujapata.

Tulikuwa tunawapeleka watoto shule Gulu. Mwanzoni mwa Februari shule za Uganda zinapofungua muhula wa kwanza, nusu ya Juba huwa barabarani na masanduku ya bati. Gari letu ni Toyota Noah, viti vya watu wanane. Nuhu mwenyewe, ukisoma Mwanzo, aliingia safinani na mkewe, wanawe watatu na wake zao, jumla wanane. Kama Wajapani walihesabu ama ilitokea tu, mimi sijui, lakini hesabu imekubali. Tofauti ni kwamba Nuhu alipewa dhiraa mia tatu za urefu na orofa tatu, na mchora ramani alikuwa Mungu. Mimi nilipewa mita nne na nusu hivi, na mchora ramani alikuwa mke wangu.

Tulikuwa kumi na mmoja, na jogoo. Mimi, mke wangu, mama mkwe, watoto wetu watatu, wapwa wawili wanaosoma huko huko, shemeji yangu na mtoto mchanga, na mjomba. Kila safari ya Juba ina mjomba. Hakuwamo kwenye hesabu ya jana yake, anakuja na mfuko mmoja tu wa plastiki, na anashukia njiani. "Mimi naishia Pageri," alisema, kama kwamba mtu wa kuishia Pageri ana makalio madogo kuliko mtu wa kufika Gulu.

Na wote waliingia. Hapa ndipo sifa ya kwanza ya kubanana: kunaiaibisha hesabu. Mwenye gari husema limejaa kwa sababu anahesabu viti. Mama wa nyumba anahesabu mapaja. Lugha yenye neno kupakata haiwezi kukubali kirahisi kwamba gari limejaa. Mdogo akapakatwa na mkubwa, mkubwa akapakatwa na mama yake hadi alipoona haya, jogoo akapakatwa na mjomba, na mjomba, naapa, nusu yake ilikuwa imepakatwa na sanduku la bati. (Mkanda mmoja kwa watoto wawili ndipo sifa zangu zinapopungua. Msifiaji hatakiwi kusema hivyo, ila na mimi ni baba.)

Niseme pia kuhusu joto, maana kuna watakaosema nimelificha. Februari na Machi Juba huwaka. Machi 2024 serikali ilizifunga shule kwa ajili ya joto hilo hilo. Ukiwa peke yako ndani ya gari, joto ni adui yako wewe. Mkiwa kumi na mmoja, joto ni la ukoo. Jasho la shemeji halitofautishiki na lako, na hakuna wa kulaumiwa isipokuwa mjomba, aliyekaa dirishani.

Lakini watu hawabanani na watu tu. Mzigo ndio mwalimu. Juu, kwenye keria, tulifunga magodoro matatu yaliyoviringishwa, tukayakaza kwa vipande vya mpira wa tyubu, vile vinavyofunga dunia nzima kuanzia baiskeli hadi makochi. Masanduku mawili ya bati yalikaa nyuma kabisa, yamesimamishwa wima. Katikati yao mifuko mitatu ya shangazi kaja. Mtu aliyeupa mfuko ule jina hilo alijua mambo: unapoingia, kila kitu nyumbani kinahama kuupisha. Kisha kilo ishirini za karanga, samaki wakavu waliofungwa karatasi, kisha plastiki, kisha kanga, na bado walijitambulisha wenyewe. Na mafuta ya lulu, yale yanayokamuliwa kwenye mbegu za mshea, ndani ya chupa za maji ya kunywa.

Na sufuria.

Sufuria hiyo ni ya mama mkwe. Inapikia msiba. Ukiketi ndani yake na kukunja miguu, kifuniko kinakaribia kufunga. Mwanangu wa pili alijaribu. Nilisema, kwa adabu yote ya mkwe, nikipitishia maneno kwa mke wangu kama ilivyo desturi, kwamba Gulu sufuria zimejaa madukani. Mke wangu akapeleka ujumbe kwa Kibari. Mama mkwe hakujibu. Aliyatazama magodoro juu ya gari, ambayo Gulu pia yamejaa madukani, kisha akanitazama mimi, kisha akaiweka sufuria kwenye kiti cha mbele kushoto na yeye akasimama pembeni yake kungoja.

Ilibidi ipatikane nafasi. Ikapatikana chini, miguuni pa safu ya kati, na watoto wanne wakasafiri wameikanyaga. Mama mkwe akachukua kiti cha mbele. Si kwa upendeleo. Pale mbele ndipo peke yake ambapo angeweza kuwamo ndani ya gari la mkwewe bila kugusana naye, maana viti vya mbele vimetengana. Kwa miaka sita ya ndoa yangu, maneno yetu mimi na yeye yalikuwa salamu na pole. Akiingia sebuleni natoka, nikiingia jikoni anafunika chungu na kukumbuka shughuli ya nje. Nyumba yetu ina vyumba vitatu na ua mpana. Nafasi ilikuwepo, na adabu ikaenea kote mle ikakosa pa kugusana.

Saa kumi na mbili kasoro tukaondoka.

Barabara ya Juba hadi Nimule, mpakani, ina kilomita 192. Ndiyo barabara kuu ya kwanza ya lami nchini, iliyojengwa kwa fedha za Wamarekani na kumalizika 2012, mwaka mmoja tu baada ya uhuru. Zipo nyakati ambapo magari yamekuwa yakienda kwa msafara wenye askari, kwa kuogopa wanaovizia njiani. Siku hiyo hofu yetu ilikuwa ndogo na ya kila siku, nayo ilikuwa malori. Karibu kila kinacholiwa na kuvaliwa Juba kinapanda kwa njia hiyo kutoka Uganda, na malori yale hayana haraka.

Hapa lazima nieleze jambo la usukani. Sudan Kusini watu huendesha upande wa kulia wa barabara. Gari letu, kama mengi yaliyotoka Japani, lina usukani kulia. Maana yake dereva anakaa upande wa majani. Ukiwa nyuma ya lori unachokiona ni lori, na ukitaka kujua kama kuna gari linakuja, lazima ulitoe gari lako nusu nzima hadi upande wa pili wa barabara, ukachungulie kifo usoni ndipo ujue. Anayeona ni mtu wa kiti cha kushoto. Kwa kawaida ni mke wangu. Siku hiyo mke wangu alikuwa amebanwa safu ya nyuma, anashikilia mfuko wa karanga kwa kichwa.

Baada ya Nesitu tukakwama nyuma ya lori la saruji. Dakika kumi. Ishirini. Vumbi likaingia, samaki wakazidi kujitambulisha, mtoto mchanga akaanza. Nikasogeza gari kushoto kidogo, nikaogopa, nikarudi. Nikasogeza tena. Mara nikasikia sauti upande wa kushoto, ya chini, ikisema na kioo cha mbele na siyo na mimi:

"Asbur."

Ngoja, kwa Kiarabu cha Juba. Nikangoja. Basi moja kubwa likapita likivuma, karibu litung'oe kioo cha pembeni. Kimya. Kisha ile sauti tena, ikaongea na kioo:

"Mafi. Yala."

Hakuna kitu, twende. Nikakanyaga mafuta, Noah ikalalamika kwa uzito wake wote, tukalipita lori la saruji. Nyuma watoto wakapiga makofi. Mimi na mama mkwe tulitazama mbele kama watu wasiojuana.

Malori ni mengi kabla ya Nimule. Kufika Moli tulikuwa tumeshasemeshana kwa namna hiyo mara kumi na moja, nilihesabu. Ndipo nasema kubanana kusifiwe. Kama tungekuwa wanane, kila mtu kiti chake, mke wangu angekaa mbele, na mimi na mama mkwe tungefika Gulu na salamu zetu mbili kama tulivyoondoka nazo.

Kuna kizuizi kimoja, sitakitaja ni wapi, ambapo kijana mwenye bunduki alizunguka gari, akatazama magodoro, akatazama watu, akasema neno moja: teremsheni. Mtu anayefahamu kupakia anajua uzito wa neno hilo. Mzigo uliopakiwa alfajiri kwa akili tulivu haurudi mahali pake saa tatu asubuhi juani. Vitu huvimba vikishuka. Tukatandaza maisha yetu kando ya lami: masanduku, shangazi kaja, samaki, chupa za lulu, jogoo, mjomba. Kijana akagusa hiki na kile kwa ncha ya kiatu, akaridhika, akaenda kwenye gari jingine.

Tukaanza kurudisha. Haikuingia. Nilijaribu mara mbili, nikabaki na mfuko mmoja mkononi na mlango wazi. Mama mkwe alikuwa amekaa juu ya sanduku la bati anatazama. Akainuka, akakunja kanga kiunoni, akaiburuta sufuria yake kutoka miguuni pa safu ya kati na kuifunua. Ndani akatia karanga. Juu ya karanga viatu vya shule, na ndani ya kila kiatu soksi, na ndani ya soksi sabuni. Daftari akazisimamisha ukutani mwa sufuria, kuzunguka, kama matofali ya kisima. Samaki juu, kifuniko juu ya samaki, na kwa mara ya kwanza tangu Juba harufu ikakoma. Kisha akafungua masanduku, akavuta shangazi kaja moja, akaigawa yote katika nafasi za hewa nisizozijua. "Kila chenye tumbo kilishe," alisema, na mke wangu akanitafsiria bila kuombwa. Mlango ukafunga kwa kidole.

Pale pale, anafuta mikono, akasimulia jambo ambalo mke wangu alikuwa akilijua na mimi nilikuwa nikilisikia mara ya kwanza. Yeye ni mtu wa Kajo-Keji. Mwanzoni mwa 2017, watu wa huko walipokimbia karibu wote kuvuka kuingia Moyo, Uganda, alitembea na alichoweza kukibeba kichwani. Mkeka, debe la unga, blanketi. Sufuria aliiacha jikoni, ikiwa na maji. Kambini Palorinya, mwezi mzima, kila jioni alikuwa akiazima sufuria ya jirani na kungoja jirani amalize kwanza. Hii ya leo aliinunua aliporudi, kabla hajanunua kitanda.

Nikafikiria maneno yangu kuhusu maduka ya Gulu, nikaenda kukaza mipira ya keria iliyokuwa imekazwa tayari.

Mjomba alishuka Pageri akiwa na mfuko wake wa plastiki na manyoya ya jogoo shatini. Nafasi aliyoiacha ilidumu labda dakika tatu. Mapaja yalitanuka yakaijaza, na mwanangu mkubwa akalalamika kwamba sasa anabanwa zaidi. Nimule tukapanga foleni, kadi za njano za homa mikononi, watu kumi wakitoka kwenye gari moja huku mkaguzi akiendelea kutazama mlangoni kama kuna wengine. Tukavuka. Upande wa pili, Elegu, tukapoteza saa nzima bila kukaa mahali popote, kwa sababu tangu Februari 2021 saa za Juba ziko nyuma ya za Uganda kwa saa moja. Watoto walitaka kujua hiyo saa imeenda wapi. Shemeji akasema imekaliwa.

Elegu pia ndipo barabara inapogeuka. Uganda huendesha kushoto. Unahama upande, na ghafla usukani wa kulia uko katikati ya barabara, mahali ulipokusudiwa kuwa; dereva anaona kila kinachokuja kutoka mbali na hahitaji msaada wa mtu. Mtu wa kiti cha kushoto sasa ndiye anayetazama majani.

Kabla ya Atiak tukalifikia lori la mbao. Mbele palikuwa peupe, barabara imenyooka, naiona hadi inapokutana na mbingu. Nilikuwa nimeshaweka mguu.

"Asbur," ilisema sauti ya kushoto, ikitazama nyasi.

Nikatoa mguu. Tukaenda nyuma ya lori la mbao, polepole, watu kumi na jogoo, hadi alipoona inafaa.