Maombi ya Shamba kwa Ofisi ya Makoloni, London

Mheshimiwa Waziri wa Makoloni,

Najua ofisi yako ilivunjwa mwaka 1966. Usijali. Hapa Waberi, Garissa, tumezoea kuandikia ofisi zisizojibu.

Kwanza pokea pongezi zetu, ingawa zimechelewa, kwa ule mpango wa 1919 wa kuwapa mashamba wanajeshi wa Kizungu waliotoka Vita vya Kwanza vya Dunia. Bahati nasibu ilichezeshwa Nairobi, ukumbi wa Theatre Royal: jina likitoka, mtu anaondoka na shamba. Ekari zaidi ya milioni mbili zilitengwa, kwa hati za miaka 999. Mwenye hati ya mwaka ule alitakiwa kuondoka mwaka 2918. Wanandi waliokuwa wakichunga kwenye sehemu ya ardhi hiyo hawakuwa na tiketi, kwa hiyo hawawezi kulalamika kwamba walishindwa.

Hata maofisa waliorudi na vilema mliwapeleka upande wa Kericho wakalime kitani. Bei ikaporomoka, koloni lao dogo likafilisika. Ardhi haikurudi kwa Wakipsigis. Ikaenda kwa makampuni ya chai.

Wapagazi wa Kiafrika wa vita hivyo, Carrier Corps, waliokufa kwa makumi ya maelfu kwa kuhara na homa, nao hamkuwasahau: mtaa wa Kariakor, Nairobi, umebaki na jina lao. Waliorudi salama walivishwa kipande, kitambulisho cha kazi, shingoni, wakahimizwa wakawalimie washindi.

Sasa jambo lililonileta. Askari wa Kisomali waliopigana upande wenu mliwaruhusu kukaa Isiolo na mifugo yao. Ruhusa tu, hati hakuna. Kufika miaka ya 1930, Waisaaki, ukoo mmojawapo wa Wasomali hao, wakaandika barua juu ya barua wakidai watozwe kodi kubwa zaidi, ile ya Waasia, wakagoma kulipa ile ndogo mliyowapangia. Walidhani anayelipa kama Mwasia atapewa haki kama Mwasia. Mheshimiwa, serikali iliyoombwa ipandishe kodi ikakataa, mimi naijua moja tu!

Wajukuu wao bado wanaulizwa karatasi iko wapi. Na Isiolo ya leo imejaa kambi za jeshi, kwa hiyo askari wamepata ardhi kweli, ila si wale.

Sisi wa Garissa hata ruhusa hiyo hatukuionja. Wilaya yetu ilifungwa, kutoka ni kwa pasi.

Ombi langu ni dogo. Miaka 999 siitaki: Katiba ya 2010 imewapunguzia wageni hadi 99, na sipendi kuonekana nimewazidi wageni. Nipe hizo 99, kando ya Tana, mahali ambapo ngamia wangu walikunywa maji jana bila kujua kwamba hawana hati.

Wako mtiifu,
Mfugaji wa Waberi

Nakala: Wizara ya Ardhi, Nairobi, ili ijue kwamba Sheria ya Ardhi ya Jamii ni ya 2016, na malisho yetu bado hayajasajiliwa.