Barua ya Wazi kwa Wasanifu wa Menyu

Kwa Waheshimiwa Wasanifu wa Menyu za Programu za Kompyuta, popote walipo.

YAH: SHUKRANI KWA KUHAMISHIWA VITU BILA TAARIFA

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Watumiaji wa kompyuta za mezani wanaleta shukrani kwa Waheshimiwa Wasanifu, ambao kwa miaka mingi wamehakikisha kwamba hakuna anayezeeka akiwa anajua amri ya kuchapisha iko wapi. Menyu, kwa maana ya orodha ya amri inayofunguka mtu anapobonyeza jina lake juu ya dirisha, ilikuwa na kasoro moja kubwa: haikuhama. Faili ilikaa mwanzo, Hariri ikafuata, Msaada ukafunga safu, na katibu muhtasi aliyezoea kazi akawa anapeleka kipanya huku macho yangali kwenye muswada ulioandikwa kwa mkono, kwa kuwa mkono ulikwisha kuijua njia. Uzembe wa namna hiyo haukuweza kuvumiliwa.

Dawa ya kwanza ilikuja na Office 2000, ambayo menyu zake zilificha amri zisizotumiwa mara kwa mara na kubakiza vishale viwili vidogo chini kabisa. Aliyevibonyeza, au aliyesubiri sekunde chache, aliona orodha ikitanuka na amri aliyokuwa ameilenga ikisukumwa chini na nyingine zilizochomoza katikati. Hekima yake ni ya juu: amri inayotumiwa kwa nadra ndiyo ambayo mtu hakumbuki iliko, hivyo ndiyo hasa iliyostahili kufichwa.

Ikafuata Office 2007 na utepe wake, yaani ukanda mpana wa vitufe na picha uliogawanywa katika vichupo, ambao ulichukua nafasi ya menyu katika Word na Excel. Haki isemwe: amri zilikwisha kufurika, na utepe uliziweka nyingi hadharani. Hata hivyo mazishi hayakukamilika, kwani mhasibu aliyebonyeza Alt, kisha E, kisha S katika Excel mpya bado alifunguliwa kisanduku kilekile cha kubandika kwa namna maalumu, kana kwamba marehemu menyu ya Hariri anaendelea kuitikia hodi kutoka kaburini.

Kuhusu kuzima mashine, Windows 95 ilikwisha kuwafundisha watu kwamba anayetaka kumaliza huanza na kitufe cha Anza, na walimu wa kompyuta wakalieleza jambo hilo bila kucheka. Windows 8, mwaka 2012, ikakiondoa kitufe hicho, ili mtu apeleke kipanya kwenye pembe ya skrini, angoje ukanda ujitokeze, aingie Mipangilio, ndipo apate pa kuzimia. Mwaka uliofuata kitufe kilirudi bila menyu yake, mfano wa mlango uliorejeshwa bila nyumba. Menyu yenyewe ilisubiri Windows 10, mwaka 2015.

Kwa kulipa fadhila, inapendekezwa Waheshimiwa wapangiwe ofisi ambayo swichi ya taa na mlango wa choo vitahamishwa kila baada ya miezi michache, na taarifa ya uhamisho ibandikwe ndani ya choo hicho.

Ni Watumiaji, wangali wakitafuta kitufe cha kutuma barua hii.

Nakala kwa: Msaada, kama bado uko mahali pake.